Anayekaa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata spana. Nilifika karakana ya Kensington, Johannesburg, asubuhi nikiwa na ovaroli mpya niliyoipiga pasi utadhani nakwenda kuswali Idi, na Msimamizi wa karakana akanitazama juu mpaka chini, akacheka. Alikuwa Mzulu mfupi mwenye mikono mipana, na pale kila mtu alimwita Baba, hata waliomzidi umri. Alifungua gari dogo la spoti, la Kijapani, akaniambia niingie. Nikaelekea upande wa usukani.

"Hapana," akasema. "Wewe kaa kushoto."

Afrika Kusini ni kama kwetu Tanga, usukani uko kulia, kwa hiyo kushoto ni kwa abiria. Nikakaa. Baba akaendesha mwenyewe, polepole, tukapita maduka madogo ya barabara kuu, tukasimama kwenye robot, maana ndivyo watu wa huku wanavyoziita taa za barabarani, kisha tukaingia barabara pana ya kwenda uwanja wa ndege. Hapo akakanyaga. Nilikuwa fundi tayari, nimeshapitia karakana ya reli na injini za dizeli kubwa kuliko chumba nilichopanga, lakini sijawahi kubanwa mgongo kwenye kiti namna ile. Alipopunguza mwendo akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza habari za mshale wa presha, mlio wa turbo, na gia ya tatu inayoingia kwa shida.

"Sikuulizi habari za gari. Umeogopa?"

"Hapana, Baba."

"Eish. Basi mkono wako ndio ulioogopa peke yake."

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata mpini wa mlango, vidole vimekakamaa.

"Mwenye usukani haogopi," akasema, "kwa sababu anajua mguu wake utafanya nini. Anayekaa kushoto hajui. Sisi hapa tunaongeza nguvu za magari. Ukitaka kujua umeongeza nini, usiiulize mashine. Kaa kushoto."

Baba hakujua Kiswahili. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyaelewa katika ule mchanganyiko wa Kizulu na Kiingereza tulioongea pale karakana. Nayaandika kwa sababu siku hizi vijana mnanijia na simu mkononi, mnaniambia mmenunua faili la kuingiza kwenye kompyuta ya injini, na kufumba na kufumbua gari limekuwa jingine. Sibishi, linakuwa jingine kweli. Ninachowauliza ni nani alikaa kushoto, nanyi mnanitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe. Kutyuni injini ni kuifanya itoe nguvu zaidi ya ile aliyoipanga mtengenezaji wake. Injini inakula hewa na petroli. Ukiiongezea hewa, ukaiongezea na petroli ya kulingana nayo, na cheche ya plagi ikawaka kwa wakati wake, nguvu inapanda. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa ndani kwa presha. Ukipandisha presha hiyo, gari linaruka. Vijana wengi wanadhani mtengenezaji aliibana ile nguvu kwa uchoyo. Si uchoyo. Aliacha akiba kwa ajili ya siku ya joto, kwa ajili ya petroli mbaya, kwa ajili ya mlima mrefu na dereva mvivu wa kubadilisha oili. Fundi wa kutyuni anakula akiba hiyo, na kazi yake yote ni kujua amekula kiasi gani na kilichobaki kitamfikisha wapi mwenye gari.

Nilianzia benchi la kufungua injini zilizokufa. Baba alinipangia vipande mezani, akataka nimwambie kila kimoja kilikufa kwa nini: gasketi iliyoungua ukingoni, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, iliyopinda, pistoni iliyotoboka katikati kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hiyo pistoni ndiyo aliyoirudia sana. Ilikufa kwa njaa ya petroli, hewa nyingi na petroli kidogo, moto ukawa mkali kupita chuma. Kabla ya kutoboka, injini hugonga. Ni mlio mdogo kama changarawe ndani ya kopo, na kwenye gari lililofungwa ekzosi, bomba la moshi, kubwa la kelele dereva anaweza asiusikie kabisa. Nilikaa benchi hilo mpaka nikawa naota pistoni, mke wangu akanilalamikia.

Kutoka benchi nilipandishwa kwenye vichwa vya silinda, na kutoka hapo nikaingizwa chumba cha daino. Daino ni mashine yenye magurudumu sakafuni. Gari linafungwa mikanda lisisogee, tairi zinazunguka palepale, na kompyuta inapima nguvu. Pale ndipo tulipoandika ramani ya mafuta. Msitishwe na jina. Ni jedwali lenye vyumba vingi, na kila chumba kinaiambia injini: presha ikiwa hivi na mzunguko ukiwa hivi, mwaga petroli kiasi hiki, washa cheche wakati huu. Fundi anaipeleka injini chumba kwa chumba, anasikiliza, anarekebisha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo faili la kwenye simu haliwaambii. Johannesburg iko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Sisi tuliotoka pwani tuliligundua hilo siku ya kwanza tulipopanda ngazi za maghorofa ya Joubert Park, lifti imekufa, tukafika juu tunahema kama wagonjwa. Injini nayo inahema. Ndiyo maana huku juu wanauza petroli ya namba tisini na tatu, ambayo ukishuka Durban huioni. Namba hiyo ni uvumilivu wa petroli kabla haijalipuka yenyewe na kuifanya injini igonge. Basi ukityuni gari Johannesburg, kuna vyumba kwenye ile ramani huwezi kuvifikia hata ukanyage mpaka mwisho, kwa kuwa hewa ya kuvifikia haipo. Fundi anavijaza kwa kukisia. Gari likishuka bondeni kwenye hewa nzito, turbo ileile inasukuma hewa zaidi, na injini inaingia mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kukanyaga. Baba aliviita vyumba vya giza. Kosa hili ni la watu wa huku juu, na hasa sisi wahamiaji, kwa sababu mtu anatyuni gari lake hapa mjini, kisha Desemba anataka kwenda nalo kwao.

Baba alikuwa na utaratibu ambao sijauona karakana nyingine. Mteja akifika, kabla hatujafungua boneti, aliulizwa: nani anakaa kushoto kwako? Kazi ikiisha, gari halikutoka mpaka mtu huyo aje. Mwenye gari anaendesha, mtu wake anakaa kushoto, fundi anajikunja kiti cha nyuma na kunyamaza. Mtu wa kushoto akisema hapana, tunapunguza. Wanaume wazima walileta wake zao, mama zao, mmoja alileta bibi yake na fimbo yake. Asiye na mtu, Baba alikaa mwenyewe, na nimewaona vijana wakishuka garini kichwa chini baada ya kuambiwa na Baba walivyomtetemesha. Magereji ya jirani yalitucheka, yakatuita Gereji ya Ndiyo Mama. Bosi, mwenye karakana, naye hakupendezwa.

"Wewe unaendesha karakana au kanisa?" alimuuliza mara moja mbele yetu.

"Vyote, Bosi," Baba akajibu. "Jumapili huwa nimechoka."

Sababu yake alinieleza siku moja tukinawa grisi kwenye sinki, bila kunitazama. Mdogo wake wa kike alikaa kushoto katika gari ambalo Baba mwenyewe alilitengeneza, la mchumba wake huyo dada. Mchumba alitoka bila mkwaruzo. Dada mpaka leo yuko kwao Soweto kwenye kiti cha magurudumu, na harusi haikufungwa. "Mwanaume aliniambia gari ni tamu," Baba alisema. "Nikafurahi. Yeye sikumuuliza." Akakausha mikono, akarudi kazini, na mimi tangu hapo sikuucheka tena utaratibu wake.

Baba alipostaafu, Bosi alinipa ufunguo wa chumba cha daino na cheo cha Msimamizi. Aliniomba nipunguze kuwauliza wateja habari za nyumbani kwao. Nilimwitikia kwa adabu na sikupunguza. Miaka ikaenda. Magari yakaja yenye kompyuta zaidi na vyuma vichache, macho yangu yakahitaji miwani, na kustaafu kwangu kukakaribia. Ndipo alipokuja Kasongo. Jina hilo si lake, nimelibadili, na mtaelewa kwa nini.

Kasongo alikuwa fundi wa nguo, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye duka karibu na Joubert Park. Suti nyingi za harusi za Wakongo wa mjini zilishonwa na yeye. Nilimpenda upesi, kwa kuwa fundi humtambua fundi mwenzake kwa jinsi anavyogusa kitu. Gari lake lilikuwa la spoti, la bluu, lenye turbo, la miaka mingi lakini limetunzwa kama suti ya bwana harusi. Ekzosi kubwa alishalifunga kabla hajaja kwetu. Alikuwa anakwenda Lubumbashi kumaliza matanga ya baba yake, na alitaka nguvu yote ambayo injini ile ingeweza kubeba.

"Fundi, mi nilitoka kule na bisi, na kifuko moja tu," aliniambia. "Bandugu yangu walinisindikiza wakicheka. Sasa nataka wasikie gari mbele ya kuiona. Unanielewa?"

Nilimwelewa sana. Nani kati yetu hajawahi kujiona anaingia mtaa wa kwao na watu wanatoka nje kutazama? Nilimwonea huruma, na nilijiona na mimi ndani yake.

Nikamkalisha nikampimia hatari zake, moja moja. Njia ya kwao inashuka kwanza bonde la Limpopo, kwenye joto na hewa nzito, na vyumba vya giza vinamsubiri huko. Akivuka Zimbabwe atashuka tena Zambezi, kisha atapanda mlima nyuma ya malori na injini imechemka. Petroli ya njiani hajui imetoka wapi. Breki zake zilitengenezwa kwa ajili ya nguvu ya zamani. Bima yake haikuambiwa chochote, na mambo yakiharibika watamwonyesha kifungu na kumuaga kwaheri. Nikamshauri tubadili plagi, tutie breki na tairi nzuri, tuongeze presha kidogo sana, nguvu nyingine aifuate akirudi. Alikubali shingo upande.

"Na nani anakaa kushoto?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu."

Siku ya kuchukua gari alikuja na huyo rafiki, kijana mwenye miwani ya jua, ambaye alianza kusifia "Sharp, fundi! Sharp sana!" kabla hata hajafunga mlango. Mimi nilikuwa nimelisafisha gari lile. Kwenye kiti cha kushoto niliokota pini za nywele, na chini yake chembe za biskuti.

"Bwana Kasongo," nikasema, "huyu rafiki yako anabana nywele?"

Rafiki akacheka. Kasongo hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Fundi, bibi yangu atakataa."

"Basi mpe mkeo nafasi ya kukataa. Mlete mwenye pini."

Alikuja naye kesho yake. Jina lake tulilomwita ni Mama Plamedi, kwa jina la binti yao aliyekuwa shule. Alikuwa msusi, mtu wa Bukavu, na alitoka saluni moja kwa moja akiwa na kitana mfukoni mwa aproni. Akakaa kushoto. Mimi nikajikunja nyuma yake, magoti kidevuni, na Kasongo akatutoa Kensington mpaka ile barabara pana ambayo Baba alinipeleka siku yangu ya kwanza.

Alikanyaga, na gari likaitikia. Kwa kazi ndogo tuliyoifanya, niliridhika. Injini ilipanda kwa upole na haikugonga. Mbele, mbali kidogo, lori lilianza kuhamia upande wetu.

"Papa Plamedi," mkewe akasema, kwa sauti ya kawaida.

Kasongo alikuwa anatabasamu, macho kwenye barabara.

"Papa Plamedi!"

Mlio wa ekzosi ulikuwa umejaa garini. Mara ya tatu alimwita kwa jina lake hasa, kwa nguvu, na mumewe bado akawa anatabasamu. Mwendo aliupunguza yeye mwenyewe alipolifikia lile lori, akaingia kituo cha mafuta, akazima injini na kugeuka kwa furaha.

"Umeona sasa? Iko tamu, hein?"

"Nimekuita," mkewe akasema.

"Wakati gani?"

"Sasa hivi. Mara tatu. Nilikuwa nakuonyesha ile camion."

"Ni ekzosi hiyo. Na miye nilikuwa naiona, camion. Si nilipunguza?"

Mama Plamedi akageuka nyuma. "Muzee, wewe ulisikia?"

"Nilisikia, Mama."

Akakitoa kile kitana mfukoni. "Miye siogopake mbio," akasema. "Nilitoka Bukavu juu ya camion ya makaa, tulishuka milima dereva amelewa. Lakini mutu mwenye hanisikie, nitamupatia mutoto wangu namna gani?"

Kasongo akawasha gari. Tulirudi karakana polepole. Nikamwambia Kasongo kuna dawa rahisi: nilifunge tena ekzosi la asili, nirudishe presha ilivyokuwa, waende wote watatu. Alisimama kando ya gari lake akiligusa bodi, na nilipomtazama usoni nikaona nimemuumiza.

"Fundi," akasema, "umenipima mbele ya bibi yangu kama mutoto wa masomo."

Akachukua ufunguo, akaondoka. Bosi alikuwa dirishani ofisini. "Hongera," akaniambia. "Baba amestaafu, lakini kanisa bado lipo."

Kasongo alilipeleka gari kwenye gereji nyingine ya mjini. Huko hawakumuuliza nani anakaa kushoto wala anakwenda wapi. Walimpa alichotaka, presha mpaka juu, na nasikia gari lilitoka pale likinguruma mpaka watu wa ghorofani wakafungua madirisha. Yaliyofuata nilielezwa na Mama Plamedi mwenyewe. Walibishana, kisha wakakubaliana kama wanavyokubaliana watu waliochoka kubishana: yeye na binti wapande basi pale Park Station, Kasongo aende na gari lake, wakutane mpakani. Basi lilitangulia kuondoka. Kasongo alitarajiwa kulipita njiani, na alimwahidi Plamedi atampigia honi. Mtoto akakaa dirishani njia nzima akitafuta gari la bluu.

Kasongo hakulipita basi lile. Mpakani walimsubiri mpaka dereva wa basi akaanza kuwaomba radhi abiria wengine, ndipo simu ikalia.

Ilitokea bondeni, mchana, kwenye joto. Kasongo alikuwa analipita lori. Injini ilivunjika, oili ikamwagika kwenye tairi za nyuma, gari likazunguka likatoka barabarani. Mwenye lori alisimama akakimbia kumsaidia, lakini hapakuwa na cha kusaidia. Kasongo alifika Lubumbashi ndani ya sanduku, na nyumba iliyokuwa inamaliza matanga ya baba ikaanza matanga ya mwana. Nililia nilipopata habari. Nilikuwa nimesimama chumba cha daino, na vijana wa kazi walitoka wakaniachia nafasi.

Mama Plamedi aliporudi Johannesburg, mabaki ya gari yalikuwa yameletwa kwenye yadi ya vyuma. Aliniomba niifungue injini nimwambie ilikuwaje. Kwa mara ya kwanza Bosi hakunitania. Alituma gari letu la kubebea likailete. Niliifungua peke yangu kwenye lile benchi nililoanzia kazi. Pistoni moja ilikuwa imetoboka katikati, konrodi yake imevunjika na kupasua bloku ya injini. Ilikuwa pistoni ileile ya masomo ya Baba. Ningeiweka mezani pamoja na zile za zamani, usingeitambua.

Alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, amevaa nguo nyeusi aliyoshona marehemu. Nikamweleza kwa maneno mepesi, hewa, petroli, joto. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza lile alilolijia.

"Muzee. Kama ningekaa pale, angenisikia?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Chuma kikivunjika kinavunjika mara moja. Hakuna mtu angepata nafasi ya kuita, wala ya kuitikia. Ungekufa naye, na Plamedi pia."

Alifunika uso kwa mikono akalia, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akanishukuru. Tangu siku hiyo, kila Sikukuu hunitumia salamu na chakula kwa mkono wa Plamedi, ambaye sasa ni msichana mrefu na Kiswahili chake kimechanganyika na Kizulu.

Nilistaafu baada ya hapo. Walinipa keki na saa ya ukutani, Bosi akatoa hotuba ndefu, na Baba, mzee sana sasa, aliletwa kutoka Soweto akakaa mbele. Nilimsimulia habari za Kasongo tukiwa wawili. Akatikisa kichwa, akasema, "Tulimpima anayekaa kushoto. Kiti kikibaki kitupu safarini hatukukipima." Siku hizi siendeshi. Binti yangu ananipeleka msikitini Ijumaa, nami nakaa kushoto, nasikiliza injini kwa mazoea, na mara mojamoja namwita jina lake nione kama ataitikia. Huitikia, ingawa kwa kuchoka.

Nilichomwambia Mama Plamedi kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu. Nusu ya pili nawaandikia ninyi vijana, kwa sababu yeye hana la kufanya nayo na ninyi mnalo. Konrodi inavunjika mara moja, lakini pistoni haitoboki mara moja. Kingo za lile tundu ziliyeyuka pole pole. Injini ile iligonga kwa muda mrefu, tangu iliposhuka milima na kuingia bondeni, na ililia njia nzima ndani ya ile kelele. Mtu angekuwa naye, asingehitaji hata kuijua injini. Angesema, punguza. Angesema, tusimame tule. Mtoto angeomba kushuka kukojoa, na injini ingepoa, na Kasongo angefika kwao akawakuta ndugu zake wamesimama barabarani. Mkewe alikuwa na haki ya kukataa, na alifanya sawa kukataa, na kwa kukataa kwake yeye na binti wako hai. Na kile kiti alichokiacha ndicho kilichobaki kitupu. Nimeyageuzageuza haya miaka yote na sijapata pa kuyaweka.

Kwa hiyo mkija kwangu na faili lenu na gari linalonguruma, msinionyeshe kwanza namba za nguvu. Nitawauliza nani anakaa kushoto. Ukiniambia ni mama yako, ni mke wako, mlete. Ukiniambia hakuna mtu, subiri hapo mlangoni nivae viatu vyangu.